Mafuta Hutafuta Penye Udhaifu

Ndoo za mbele za matrekta ya zamani zilimwaga kwa kamba. Mikono miwili ya chuma iliinuliwa na silinda za haidroliki, lakini ndoo yenyewe ilishikiliwa na komeo. Dereva akishaifikisha juu ya tela alivuta kamba iliyofungwa karibu na kiti chake, komeo likaachia, ndoo ikapinduka mbele kwa uzito wa mzigo. Ikiisha kumwaga aliishusha mpaka ikalala chini, nayo ikarudi mahali pake na komeo likajifunga kwa kishindo. Hakuna tone la mafuta lililofika kwenye ndoo, wala hapakuwa na liva ya kuiamuru.

Anayeifanyia kazi kutwa huichoka. Mzigo hutoka wote kwa mkupuo mmoja na kulitikisa tela hadi kwenye ekseli. Huwezi kumwaga kifusi kidogo kidogo ukisawazisha njia ya shamba, huwezi kuikunja ndoo ili imege rundo la samadi lililoshikana, na komeo lililolika linaweza kuachia lenyewe wakati mtu amesimama mbele. Kwa hiyo sina neno dhidi ya anayetaka kuing'oa kamba na kutia silinda. Kazi hiyo inawezekana kwenye karakana ya kawaida, na ikifanywa kwa akili trekta la miaka hamsini hupata kazi mpya. Ninayotaka kuyasimulia ni yale yanayotokea ikifanywa kwa haraka, kwa sababu yanatokea kwa mpangilio unaojirudia, na mwisho wake huwa kwenye mwili wa mtu.

Fundi wa kisa hiki simtaji jina. Ni mmoja aliyeundwa na wengi. Kila analolifanya humu hufanywa na mafundi wa kweli, kwenye mashine za kweli. Tumweke nyanda za juu za Karatu, kwenye shamba la kahawa na ng'ombe, mbele ya Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964 na ambayo mpaka leo utaikuta ikilima. Ni hodari. Anachomelea vizuri, anafungua injini na kuifunga bila kubakiza boliti mkononi, na mwenye shamba anamwamini. Naomba msomaji ashike hilo tangu mwanzo, maana hakuna mzembe katika habari hii. Yupo mtu mwenye mkono mzuri, aliyeijua sana tabia ya chuma, na ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha tabia ya mafuta yaliyobanwa.

"Fundi, hii kamba imenichosha," mwenye shamba alimwambia. "Nataka ndoo inayokunja na kukunjua kama vijiko vya barabarani."

"Hilo limekwisha, mzee. Nipe wiki moja."

Jambo la kwanza alilokutana nalo ni pampu. Kwenye matrekta ya ukoo wa Ferguson pampu ya haidroliki imezama katika mafuta ndani ya trekta lenyewe, inazungushwa na shafti ya PTO, ile ya kuendeshea vifaa vinavyofungwa nyuma, na vali yake inadhibiti mafuta yanayoingia kwenye pampu badala ya yanayotoka. Ni urithi wa Harry Ferguson, na ni kazi nzuri: mafuta yasipohitajika pampu haivuti kitu, na vali ya usalama imejengwa humo humo. Lakini inatoa mafuta machache. Chukua silinda mbili zenye kipenyo cha ndani cha milimita 63 na mwendo wa sentimita 40. Kila moja hujaa kwa lita moja na robo. Pampu ya kutoa lita 16 kwa dakika itahitaji zaidi ya sekunde 9 kuzijaza zote mbili, na katika muda huo mikono nayo inasubiri zamu. Kwa mtu anayepakia tela kumi kwa siku, huo ni mwendo wa kukatisha tamaa.

Basi fundi akaenda kwa wauza vyuma chakavu, akarudi na pampu ya gia iliyotoka kwenye lori la tipa. Akaifunga nyuma kwenye PTO na kuichomelea tangi lake la mafuta. Hapo ndipo mashine ilipobadilika tabia, ingawa kwa macho ilibaki ileile. Pampu ya gia haijui kusubiri. Ikizungushwa inasukuma, na kila mzunguko inasukuma kiasi kilekile, njia iwe wazi au imefungwa. Mafundi wengi husema pampu fulani "ina presha kali", lakini presha haitoki kwenye pampu. Pampu inaleta mafuta tu. Kinachoyabana ni kizuizi kilicho mbele yake, uwe ni uzito wa mzigo, au kisiki, au silinda iliyofika mwisho wa mwendo wake. Kizuizi kikiwa hakisogei, presha hupanda kabla hujapepesa jicho, na itaendelea kupanda mpaka injini izimike au kitu kipasuke. Ndiyo maana popote penye pampu ya gia, kitu cha kwanza baada yake ni vali ya usalama: kilango chenye springi kinachofunguka presha ikifika kiwango kilichopangwa, kikayarudisha mafuta kwenye tangi.

Vali ya zamani ya mikono haikuwa na kilango hicho. Haikukihitaji, kwa kuwa pampu ya zamani ilikuwa na chake. Fundi aliihamishia kwenye pampu mpya kama ilivyokuwa. Walipowasha, mikono ilipanda kwa kasi ambayo mwenye shamba hakuwahi kuiona, wafanyakazi wakashangilia, silinda zikafika mwisho, na dereva aliyezoea upole wa pampu ya zamani akaendelea kuishikilia liva. Injini ikazidiwa, sauti ikashuka, kisha kifuniko cha pampu kikapasuka na mafuta yakatapakaa nyuma ya trekta. Hakuumia mtu. Wakaafikiana kwamba pampu ya chakavu ilikuja na ufa.

Alinunua nyingine, na safari hii akanunua pia vali mpya kwa ajili ya silinda za ndoo, yenye vali ya usalama ndani yake. Akaipanga mbele ya ile ya zamani: mafuta yaingie vali mpya, yatoke kwa mdomo wake wa kurudishia, yaingie vali ya mikono, kisha yaende tangini. Ukiufuata mpangilio huo kwa kidole utauona unaeleweka. Trekta likafanya kazi kwa muda, halafu sili za vali mpya zikaanza kutema mafuta. Akazibadilisha. Zikatema tena. Akasema ni sili feki, na kwa kuwa sili feki zipo kweli madukani, nani angembishia?

Hapa inafaa kukaa kidogo, maana kosa hili linafichika kuliko mengine yote. Vali ya kawaida ina midomo miwili ya njia kuu. Mmoja unapokea mafuta kutoka kwenye pampu, nao umetengenezwa kustahimili presha yote. Wa pili unarudisha, nao umetengenezwa kwa mafuta yaliyokwisha kazi yake na yanayokwenda tangini bila kubanwa. Sili za ncha za ile fimbo inayosukumwa na liva zimekaa upande huo wa kurudisha. Ukifunga vali ya pili baada ya ya kwanza kwa kuunganisha mdomo kwa mdomo, kila unapoinua mzigo kwa vali ya pili, presha yote ya ule mzigo inasimama kwenye mdomo wa kurudisha wa ile ya kwanza. Sili zinabebeshwa kitu ambacho hazikuundwa kukibeba. Leo zitatema, kesho mwili wa vali wenyewe, ambao ni chuma cha kumimina, utapasuka.

Lililo baya zaidi halionekani hata kwa kuvuja. Kilango cha usalama kilicho ndani ya vali ya kwanza kinamwaga mafuta yake kwenye mdomo uleule wa kurudisha. Sasa mikono ikifika juu kabisa na njia ya mbele ikafungika, kilango kitafunguka na kuyamwaga mafuta mahali palipofungwa. Hayana pa kwenda. Trekta lina vali ya usalama, kila mtu anaiona, na upande wa mikono hauna ulinzi wowote.

Dawa yake inajulikana. Vali nyingi huacha nafasi ya kufunga kiungo maalumu kinachozitenga njia mbili: presha inaendelea kwenye vali inayofuata kwa mpira wake, na mafuta yanayorudi, pamoja na yale yanayomwagwa na kilango cha usalama, yanakwenda tangini kwa mpira mwingine. Unaponunua, muulize muuzaji kama vali hiyo inakubali kiungo cha kuendeleza presha; akikosa kukuelewa, tafuta duka jingine kabla hujatoa fedha. Lakini mimi ningekwenda mbali zaidi. Ningeiacha kabisa vali ya zamani na kununua moja yenye liva mbili katika mwili mmoja, inayolindwa na kilango kimoja cha usalama kwa kazi zote mbili. Wanaobakiza vali ya zamani kwa ajili ya kuokoa fedha hulipa tofauti hiyo kwa sili, mafuta yaliyomwagika na siku za kazi zilizopotea.

Mwenzake mmoja aliyewahi kushughulikia mitambo ya barabara alikuja akamsaidia kuyapanga mabomba upya, na kwa upande huo mashine ikatulia. Ndoo ikakunja na kukunjua vizuri kwenye samadi. Siku walipoipeleka kwenye kisiki ikagoma.

Kwenye vali ya usalama kuna skrubu yenye nati ya kuibana. Fundi akailegeza nati, akaikaza skrubu kidogo, kisiki kikatikisika. Akaikaza tena. Hakuwa na geji ya presha, na hili ndilo linalonisikitisha kuliko mengine katika sehemu hii, maana geji ni kifaa kidogo ambacho kingemwambia alikuwa wapi. Bila geji, anayekaza skrubu ile anapima kwa kutazama kama kisiki kimetoka.

Tuhesabu anachokifanya. Pistoni ya milimita 63 ina uso wa sentimita za mraba 31. Kwa presha ya baa 150, silinda moja inasukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 4.7 hivi, nazo ziko mbili. Tuseme zimefungwa kwenye ndoo sentimita 20 kutoka kwenye pini inayozungukia, na mdomo wa ndoo uko sentimita 70 kutoka kwenye pini hiyo. Nguvu inapungua kwa uwiano huo, na bado inabaki zaidi ya tani mbili na nusu pale kwenye mdomo. Mikono ya ndoo nyingi za mbele za umri ule iliundwa kuinua kiasi cha nusu tani. Na hiyo ni kwa baa 150, kabla skrubu haijakazwa.

Ndoo ya kamba ilijua kazi mbili, kubeba na kumwaga. Aliyechora ile mikono kiwandani alihesabu unene wa vyuma, ukubwa wa pini na urefu wa mishono kwa kazi hizo mbili. Udhaifu wa komeo ulikuwa sehemu ya hesabu yake, hata kama hakuuandika popote, kwa kuwa hakuna dereva ambaye angeweza kuitumia ndoo ile kubinua kitu ardhini. Fundi alipoliondoa komeo aliondoa mpaka. Mafuta yaliyobanwa yanasukuma pande zote kwa usawa, kwenye pistoni, kwenye mipira, kwenye viungo, kwenye sili, na kinachoachia kwanza ni kile chenye nguvu ndogo kuliko vyote. Ukiimarisha hapo, kitaachia kinachofuata. Kifuniko cha pampu kilikuwa cha kwanza, sili zikawa za pili. Sasa ikafika zamu ya mikono.

Kisiki kilishikwa na kona ya kulia ya ndoo, kama visiki vinavyoshikwa karibu mara zote, kwa sababu dereva huona vizuri zaidi pembeni kuliko katikati. Nguvu yote ikapita upande mmoja. Mikono ikajikunja kidogo, kiasi ambacho hukigundui mpaka uweke ndoo sakafuni na kuona kona moja imeinuka. Zaidi ya hapo, mabano ya silinda yalikuwa yamechomelewa kwa mshono unaokatisha mgongo wa mkono, upande wa juu, ambako chuma huvutika kila mzigo unaponing'inia mbele. Mshono wa kukatisha mahali kama hapo ni mwanzo wa ufa. Mabano ya namna hii hukaa juu ya bamba refu lililochongwa ncha, mishono ikifuata urefu wa mkono, na mikono miwili huunganishwa kwa boriti ya bomba nene au ya boksi ili kona moja isibebe peke yake. Hutiwa pia vigingi vya chuma ambavyo ndoo inavigonga kabla silinda haijafika mwisho wake, huku na huku. Bila vigingi, ndoo ikimwaga hadi mwisho, mstari wa silinda unaweza kuikaribia mno pini ya kuzungukia; silinda inabaki ikisukuma bila kuizungusha ndoo, na fimbo yake inapinda.

Ufa waliuona mapema, wakauchomelea juu yake, wakaendelea.

Kuna jambo jingine ambalo komeo lilikuwa likilifanya kimyakimya. Mikono inapopanda kutoka chini hadi juu huzunguka, na ndoo huzunguka nayo ikielekea nyuma. Komeo liliishika ndoo kwenye pembe moja iliyochaguliwa ili hata juu kabisa mzigo usimrudie dereva. Silinda inakuruhusu kuikunja ndoo zaidi ya hapo ukiwa bado chini, na kila dereva atafanya hivyo kwa sababu ndivyo inavyojaa vizuri. Akiinua bila kuikunjua taratibu, mdomo unaendelea kutazama angani kisha nyuma. Siku ya kubeba mawe ya msingi, jiwe moja lilipita juu ya mgongo wa ndoo, likateremka juu ya mikono, likagonga boneti na kupita begani kwa dereva. Sweden iliagiza matrekta mapya yawe na fremu ya kumkinga dereva tangu mwaka 1959, lakini matrekta mengi ya umri huu yanayofanya kazi kwetu hayana hata paa la bati. Dereva akaambiwa awe makini. Ilikuwa inatosha kuchomelea kigingi cha kuzuia ndoo isikunje kupita ile pembe ya zamani, kuupandisha mgongo wa ndoo kwa bamba la sentimita chache, na kufunga uzito nyuma ya trekta ili magurudumu makubwa yaendelee kukanyaga ardhi. Kazi ya nusu siku.

Nimefika kwenye mipira.

Mpira wa presha una nyuzi za chuma ndani, safu moja au mbili, na ubavuni umeandikwa presha unayoruhusiwa na tarehe uliyotengenezwa. Viwandani huundwa ili usipasuke mpaka presha ifike mara 4 ya ile inayoruhusiwa, na akiba hiyo imewekwa kwa ajili ya mishtuko, mikunjo na uchakavu. Fundi alitumia mipira mizuri. Aliikata kwa urefu uliotosha ndoo ikiwa imelala, kwa hiyo kila ilipomwaga, mpira mmoja ulivutika na kusuguana na ukingo wa mkono wa chuma. Ngozi ya nje ikalika, nyuzi zikatokeza, mvua ikazitia kutu. Na skrubu ya vali ya usalama ilikuwa imekazwa mahali asipopajua mtu.

Jioni moja, injini ikiwa inanguruma na ndoo iko juu, aliona ukungu wa mafuta ukitoka mahali fulani kwenye mikono. Hakuna tone lililodondoka. Ulikuwa ukungu tu, mwembamba, ukionekana dhidi ya mwanga. Akapitisha mkono wa kushoto juu ya mpira ili ajue unatoka wapi. Alihisi kuchomwa kama na mwiba wa mgunga kwenye kidole cha shahada. Akautoa mkono, akautazama. Palikuwa na kitone kidogo, bila damu ya maana. Akajifuta kwa kitambaa, akazima injini, akafurahi kwamba amepata palipovuja.

Kwa baa 150 mafuta hutoka kwenye tundu la ncha ya sindano kwa kasi inayokaribia mita 180 kwa sekunde. Tairi la gari dogo hujazwa baa 2 hivi. Ngozi ya mtu huanza kupenyeka kwenye baa 7. Yakishaingia hayabaki pale yalipoingilia. Yanafuata ala za kano, zile njia laini zinazopitisha kano za vidole, na kwa kufumba na kufumbua yanaweza kufika kiganjani au zaidi. Yakiwa ndani yanafanya madhara mawili kwa pamoja: yanachukua nafasi katika kidole kisichokuwa na nafasi, hivyo mishipa ya damu inabanwa, na yenyewe ni sumu kwa nyama yanayoigusa. Mwanzoni mara nyingi hakuna maumivu ya kutisha. Hilo ndilo linaloua vidole. Madaktari walianza kuliandika mapema: mwaka 1937 jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani lilichapisha habari ya mafuta kutoka kwenye injini ya dizeli yaliyopenya mwilini kwa presha. Tangu hapo visa vimekusanywa kwa mamia, na katika mapitio ya visa hivyo karibu 3 kati ya kila 10 viliishia kwa kukatwa kiungo. Kinachoumia mara nyingi zaidi ni kidole cha shahada cha mkono usiotumika kushika spana, yaani ule ambao fundi huutuma kupapasa.

Usiku kidole kilivimba. Asubuhi alikwenda zahanati, akasema amejichoma kazini. Kidonda kilichokuwa mbele ya mhudumu hakikuzidi ncha ya sindano, naye hakuambiwa neno lolote kuhusu presha. Akakiosha, akakifunga, akampa dawa ya maumivu. Siku ya pili kidole kilikuwa kimepauka, baridi, na hakihisi kitu. Alipofikishwa hospitali ya rufaa madaktari waliufungua mkono kuanzia kidole hadi katikati ya kiganja, wakatoa mafuta na nyama iliyokufa, na kidole hakikuokoka. Fundi anayechomelea kwa mkono wa kulia anahitaji wa kushoto kushikilia. Alirudi kazini baada ya miezi, na kazi za vitu vidogo, karabureta, nozeli, sili, akawaachia vijana wake.

Kwa hiyo uvujaji hutafutwa kwa kipande cha kadibodi au ubao mrefu, mkono ukiwa mbali, miwani ikiwa machoni. Kabla ya kulegeza kiungo chochote, ndoo hulazwa chini, injini huzimwa, na liva zote husukumwa huku na huku ili presha iliyobaki ndani itoke. Mpira wa ndoo iliyo juu unaweza kuwa umebeba mzigo wote hata injini ikiwa imezimwa tangu jana. Anayelazimika kufanya kazi chini ya mikono iliyoinuliwa huitegemeza kwa nguzo ya chuma, maana silinda haihesabiki kuwa tegemeo.

Na mafuta yakimwingia mtu, hata kama kitone hakionekani na hakuna maumivu, anapelekwa hospitali yenye daktari wa upasuaji saa hiyohiyo, kwa sababu kila saa inayopita inapunguza nafasi ya kukiokoa kidole. Njiani mkono uinuliwe, usikandwe, usitiwe maji ya moto, na mgonjwa asile chochote maana huenda akahitaji ganzi ya kulala. Mapokezini mtu asiseme amejichoma au amejikata. Aseme: "Mafuta ya haidroliki yameingia mkononi kwa presha kubwa, saa fulani." Amwambie daktari hivyo tena, kwa sababu madaktari wanaozijua ajali hizi huepuka kuchoma sindano ya ganzi kwenye kidole chenyewe, ambayo huongeza mbano ndani yake. Wengine hawajawahi kuliona jeraha la namna hii, hivyo iandikwe kwenye karatasi aina ya mafuta na presha ya mashine, na lebo ya dumu la mafuta ipigwe picha kwa simu kabla ya kuondoka karakanani.